Nina Jambo

Wewe uliangalia pembeni. Usianze kujitetea, hakuna aliyekuuliza. Kuna mtu kwenu, wa nyumba ya pili au wa chumba cha pili, hajatoka kitandani tangu mvua za mwaka juzi. Ulipopita mlangoni kwake ulimtupia "hujambo" huku mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Akakujibu sijambo. Ukaenda zako umeridhika, hata mgongo wako ulionekana umeridhika. Basi kaa kitako usikie habari za nchi ambayo kosa lako hilo dogo limeandikwa katika sheria, likapigwa lakiri, likajengewa ofisi yenye ngazi sabini na mbili.

Siwema binti Kheri, fundi wa mizani, alikwenda nchi ya Sijambo kwa sababu ya barua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kucha zilizoingia grisi zisitoke tena, na subira ya mtu aliyezoea kungoja sindano itulie ndipo asome. Barua ilitoka kwa mdogo wake, Tausi, aliyeolewa huko. Ilikuwa na mistari miwili, na wa pili ulikuwa umeteremka upande kama mtu anayesinzia: "Dada, wanataka kuchukua kitanda. Njoo kabla ya siku ya baragumu."

Mgeni akiingia Sijambo, kitu cha kwanza atakachokiona ni kwamba mchana nyumba hazina vitanda. Vipo, lakini jua likichomoza husimamishwa ukutani na kufungwa kamba, na wakaguzi hupita kuangalia mafundo. Kitanda kinachobaki kimelala mchana lazima kiwe na lakiri nyekundu ya Baraza la Ngoma kwenye mguu wake mmoja, kuonyesha kwamba mwenye nacho ni mchovu kwa mujibu wa sheria. Asiye na lakiri haruhusiwi hata kusema amechoka. Husema "nimekaa kidogo," na akizidiwa kabisa husema "nimekaa kidogo sana."

Shemeji yake, Hamadi, alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamume mpole, mabega yameteremka, na alimsalimu kwa sauti ya mtu anayesalimia akijua anasikilizwa.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yupo ndani. Amekaa kidogo sana," alisema Hamadi.

Tausi alikuwa amelala kiubavu, uso ameuelekeza ukutani kwa sababu mwanga ulimuumiza. Kwenye mguu wa kitanda lakiri ilikuwa imepauka na kupasuka. Siwema aliketi sakafuni ili mdogo wake asilazimike kuinua kichwa.

"Umenenepa," alisema Tausi.

"Na wewe umekuwa kama sindano ya mizani yangu. Unatetemeka hata bila mzigo."

Tausi alicheka, na kicheko chenyewe kikamlazimu apumzike. Alikuwa mtu wa kucheza ngoma za harusi hadi wapigaji waombe maji. Miaka minne nyuma alipata homa, homa ikaondoka, na nguvu zikaondoka nayo zisirudi. Kuchana nywele kulimgharimu asubuhi nzima. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba siku akijikaza akafua kanga mbili, malipo hayakuja siku ile. Yalikuja kesho yake na keshokutwa, na wiki nzima asiweze kushika kikombe.

"Wanasemaje, hao wenye lakiri?"

"Mwaka wa kwanza walisema uvivu. Wa pili wakasema mawazo mengi. Sasa wanasema ni ngoma. Wakizikuta ngoma zangu ni nzima, wanasimamisha kitanda, na mimi napelekwa Kundi la Kupanda, wanaopandishwa ngazi kila asubuhi eti nguvu zirudi."

Hapa lazima jambo la ngoma lielezwe. Watu wa Sijambo, kama watu wengine wote, wana vitu viwili vidogo ndani ya mwili, kila kimoja karibu ukubwa wa tende, vimekaa juu ya figo kama kofia. Wao huviita ngoma, na hawakukosea. Alfajiri ngoma hizo hupiga kwa nguvu, mtu akaamka akaingia katika siku yake, na kadiri siku inavyozama ndivyo zinavyopunguza, mpaka mtu analala. Zikipiga kwa unyonge, au zikipotewa na saa zake, mtu huishi kama nyumba ambayo haijawahi kuamshwa. Kila aliyelala mchana akiwa mgonjwa alitaka jambo moja tu: mtu mwenye akili timamu aje azisikilize, kwa uangalifu, kwa siku nyingi, halafu aseme ukweli, uwe wowote.

Baraza lilichagua njia fupi. Mgonjwa anapanda ngazi sabini na mbili kabla ya saa moja asubuhi. Anakalishwa kwenye kigoda, baragumu linapulizwa mgongoni kwake, wanangoja nusu saa, kisha Mpimaji Mkuu anaweka kikombe cha shaba kiunoni na kuhesabu mapigo. Asiyeweza kupanda ngazi huandikiwa kwamba hakuona haja ya kupimwa. Aliyeweza kupanda huandikiwa kwamba amepanda.

Na kumbukumbu zipo, kwa anayetaka kukumbuka. Mwaka wa Nzige, Baraza hilohilo lilijaribu kuwapa wachovu matone yanayofanya kazi ya ngoma. Baadhi yao waliinuka kidogo. Lakini ngoma zao wenyewe, zilipoona kuna mwingine anapiga, zikazidi kulala. Wakasitisha matone, na walifanya vyema kusitisha. Kisha wakaandika kwamba kwa kuwa dawa haikufaa, ugonjwa haupo. Sentensi hiyo ingali ukutani kwao, imewekewa fremu.

Siku ya baragumu Siwema alimbeba mdogo wake mgongoni. Hamadi alitangulia na kigoda cha akiba. Chini ya ngazi alikuwepo mfagiaji, Bi Mosi, mwanamke mzee aliyezifagia ngazi zile kwa miaka thelathini.

"Mbebe ukipita upande wa kulia, mwanangu," alimwambia Siwema. "Ngazi ya arobaini ina ufa. Wengi wameangukia pale, nao wameandikiwa kwamba waliruka."

Juu kulikuwa na ukumbi mrefu wenye dirisha moja kubwa. Watu arobaini hivi walikuwa wamekaa, baadhi wajumbe, baadhi wagonjwa, baadhi jamaa. Mlangoni alikaa Karani Pandu, mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni, na mbele yake daftari.

"Hujambo, dada?" alimwamkia Tausi, kwa adabu kabisa, na akatabasamu.

"Sijambo," alijibu Tausi kutoka mgongoni kwa dada yake, macho yamefumba.

Karani akaweka alama ya vema kwenye daftari. Siwema, ambaye kazi yake ni kusoma alama ndogo, aliiona, lakini hakujua inahusu nini. Akapita.

Mpimaji Mkuu alikuwa Daktari Mfaume, mzee safi, mwenye sauti ya upole ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Alimwambia Tausi asiogope. Akamwashiria mpuliza baragumu.

Mlio ule ungemwinua maiti. Tausi aliruka juu ya kigoda, jasho likamtoka shingoni. Nusu saa ikapita. Daktari akaweka kikombe, akainama, akahesabu kwa midomo.

"Kumi na tisa," alisema.

Mnong'ono ukapita ukumbini, maana hilo ndilo balaa walilokuwa wakiliogopa na kulisubiri. Wajumbe wa Baraza wamegawanyika makundi mawili. Kundi la Kumi na Nane hushikilia kwamba ngoma ikifikisha mapigo kumi na manane ni nzima. Kundi la Ishirini hushikilia kwamba isipofikisha ishirini ni mbovu. Wameshindana kwa miaka kumi na mmoja, wamekataliana posa za watoto wao kwa ajili hiyo, na kumi na tisa lilikuwa bado halijawaangukia hadharani.

Walijadiliana tangu saa mbili hadi adhuhuri. Mjumbe mmoja alieleza kwamba kikombe cha shaba kikipashwa moto huongeza pigo moja, na kwamba mkono wa Daktari ni wa moto. Mwingine akauliza kama pigo la mwisho lilikuwa pigo au mwangwi wa pigo. Wa tatu alisoma waraka wa babu yake. Tausi alikuwa bado juu ya kigoda. Hakuna aliyemkataza kushuka, na hakuna aliyemshusha. Siwema alimwegemeza kifuani kwake, akahisi moyo wake unavyokimbia kwa kukaa tu.

Mwishowe Siwema alisimama.

"Mimi ni fundi wa mizani," alisema. "Naomba kuuliza la kifundi."

"Uliza, mama," alisema Daktari Mfaume.

"Mizani ikiletwa kwangu, siiwekei jiwe moja kubwa nikasema ni nzima kwa kuwa imeshuka. Jiwe kubwa hushusha hata mizani mbovu. Naiwekea vijiwe vidogo, kimoja kimoja. Naiacha na mzigo siku nzima nione kama inachoka. Nairudia kesho yake. Nyinyi mmempulizia baragumu. Nani asingeruka? Nyumba ikiungua hata mgonjwa hukimbia. Mmepima kama ngoma zake zinaweza kuitika zikipigiwa kelele. Sisi tunauliza kwa nini hazipigi alfajiri zenyewe, na kwa nini kesho hatainua kikombe."

"Kwa hiyo unasema ni mbovu," alidakia mmoja wa Ishirini, amefurahi.

"Sijasema ni mbovu. Pengine ngoma ni nzima na kilichoharibika ni anayeziamrisha. Pengine ni kitu kingine kabisa. Nasema hamjapima. Mpimeni leo jioni. Mpimeni kesho alfajiri, kitandani kwake."

Daktari alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Kesho hakuna kupima, mama. Na kitandani hatupimi, kwa sababu kitandani watu wote huonekana wamechoka."

Wajumbe wakacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Ndipo mzee wa Kundi la Kumi na Nane akakumbusha kwamba sheria ina kifungu cha kumaliza jambo hili, nacho ni kifungu cha haki kabisa: penye shaka juu ya mapigo, lifuatwe neno la mgonjwa mwenyewe. Siwema aliposikia hivyo alipumua. Akamfinya Tausi mkono. Alidhani sasa watamsikiliza.

"Karani," alisema Daktari, "neno la mgonjwa ni lipi?"

Karani Pandu alifungua daftari, akasoma bila kuinua macho. "Ameulizwa hujambo. Amejibu sijambo. Asubuhi, kabla ya saa moja."

"Na mwaka jana?"

"Sijambo. Na mwaka juzi, sijambo."

"Basi amekiri mwenyewe," alisema Daktari Mfaume, na akaonekana kweli ametuliwa mzigo.

Siwema alibaki amesimama. Aliifahamu ile alama sasa. Miaka yote nchi nzima imekuwa ikipimwa pale mlangoni, kwa salamu, na baragumu lilikuwa la kupamba tu. Wangapi walikuwa wameingia pale wamebebwa kwenye machela, wakajibu kama walivyofundishwa na mama zao, na jibu lile likawasimamishia vitanda?

"Hiyo ni salamu," alisema. "Siyo ushahidi. Hata anayekata roho hujibu sijambo."

"Ndiyo sababu tunawaheshimu watu wetu," alisema Daktari. "Wanajua hali zao."

"Basi muulize tena. Wewe mwenyewe. Na ungoje jibu."

Daktari hakuona ubaya. Alikuwa mtu wa adabu, na kumsalimu mtu mara mbili si dhambi. Alivuta kiti chake karibu na kigoda, akainama.

"Hujambo, mama?"

Tausi alifumbua macho. Siwema alimwona anavyotafuta neno, na alijua anapigana na nini. Mama yao aliwapiga makofi wakiwa watoto kwa kujibu salamu vibaya. Shangazi mmoja alifia sebuleni kwao, pumzi yake ya mwisho ikiwa ni sijambo kwa mgeni aliyeingia. Midomo ya Tausi iliandaa herufi ya kwanza ya neno lilelile. Kisha ikajirudi.

"Nina jambo," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza, na kila mtu mle ndani alisikia.

Karani Pandu alichukua kalamu. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Katika daftari palikuwa na safu ya jina, safu ya ngazi, safu ya mapigo, na safu ya hali, na katika safu ya hali neno lilikuwa limeshachapishwa kiwandani, mstari kwa mstari hadi chini: hajambo, hajambo, hajambo. Kazi yake ilikuwa kuweka vema tu.

"Daktari," alisema, "hili halina safu."

Ikabidi kitafutwe kitabu kikubwa. Kikapatikana. Sheria ya Sijambo inasema kwamba neno jipya litapewa safu ikiwa watu saba waliolisikia watasimama na kusema wamelisikia. Aliyelisema hahesabiwi, kwa kuwa kusema siyo kusikia. Wana siku arobaini. Wasipofika saba, neno litahesabiwa kuwa halikutamkwa, na la zamani litabaki.

"Nani amesikia?" aliuliza Daktari Mfaume, akautazama ukumbi.

Watu arobaini walikuwa wamegeukia dirishani. Ukiwatazama ungedhani kuna harusi inapita nje. Hakukuwa na kitu nje, ila paa la kituo cha wakaguzi na kunguru mmoja. Wajumbe wa Kumi na Nane na wajumbe wa Ishirini, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa, waliangalia kunguru yuleyule.

"Hamadi," alisema Siwema.

"Shemeji, nilikuwa naangalia dirishani," alisema Hamadi. Uso wake ulikuwa umelowa. Kila mtu alijua kwamba anayeshuhudia uchovu wa mwenzake huitwa naye kupimwa, na Hamadi alikuwa amekaa kidogo kwa muda mrefu.

Siwema alimpakia Tausi mgongoni tena, akashuka naye ngazi sabini na mbili.

Siku iliyofuata Tausi hakuweza kufumbua macho. Siku ya tatu Siwema alimlisha uji kwa kijiko cha chai. Ilikuwa siku ya kumi ndipo Tausi alipoweza kugeuka mwenyewe upande wa pili, na hakuna kikombe cha shaba kilichokuja kuisikiliza hata moja ya siku hizo kumi. Alikuja mkaguzi, akagonga lakiri iliyopasuka kwa ukucha, akahesabu kwa sauti siku zilizobaki, akaondoka.

Siwema alianza kuzunguka mlango kwa mlango. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, maana kitabu hakikukataza wageni. Waliokitunga hawakufikiri mgeni angesikiliza. Wa pili alikuwa Bi Mosi, aliyekuwa anafagia mlangoni siku ile.

"Nimelisikia," alisema Bi Mosi. "Nimelisikia miaka thelathini, ila lilikuwa halijapata mdomo. Andika."

Wa tatu na wa nne walikuwa wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu yao ukumbini. Walitia vidole gumba kwenye wino wakiwa wamelala. Wa tano alikuja mwenyewe, jua la mchana, bila kalamu sikioni.

"Mimi nimeweka vema elfu nyingi," alisema Karani Pandu akiwa amesimama uani, hataki kuingia. "Kuna mmoja, Mzee Tajiri wa Mtoni, nilimwekea vema akiwa keshapoa. Mwanawe ndiye aliyejibu. Andika jina langu, mama, na usilifiche."

Wajumbe wakamwita msaliti. Kazi ikampotea siku hiyohiyo. Siku ya thelathini na nane Hamadi aliketi sakafuni kando ya kitanda, pale alipozoea kuketi Siwema, akamshika mkewe kisigino kwa sababu kwingine kote kulimuuma.

"Hujambo?" alimwuliza. Kisha akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko alivyowahi kumngojea mtu.

"Nina jambo, Hamadi."

"Najua. Na mimi ninalo," alisema, akatia sahihi.

Hao ni sita. Umewahesabu, kama ulikuwa unasikiliza. Leo ni siku ya arobaini, na Siwema yuko chini ya ngazi sabini na mbili na karatasi mkononi. Kitanda kimo nyumbani, mkaguzi ameshafika na kamba yake, na Tausi bado amekilalia kitanda hicho akiutazama ukuta. Mstari wa saba hauna jina.

Sheria yao inataka mtu aliyesikia, na wewe umesikia. Haijali unatoka nchi gani. Kwa hiyo ondoa macho dirishani. Andika jina lako, sasa hivi, ukingoni mwa ukurasa huu, kwa kalamu isiyofutika. Kisha inuka uende kwa yule wa kwenu, wa chumba cha pili. Vuka kizingiti kwa miguu yote miwili, uketi sakafuni, umuulize hali, na asipojibu kama ulivyozoea, usimjibie. Ngoja. Atakachosema kiandike, ukipeleke kwa wenye vikombe vya shaba, usimame mbele yao, na usishuke ngazi mpaka kimepata safu.